Mada ya Marudio: Maji Magumu, Kutoka Mwamba wa Upare Hadi Sufuria ya Nyumbani

Malengo. Ukimaliza mada hii uweze: (a) kueleza chanzo cha ugumu wa maji ukitumia mfano wa Same, (b) kutofautisha ugumu wa muda na ugumu wa kudumu, (c) kuchagua njia sahihi ya kulainisha maji na kutoa sababu.

1. Maana

Maji magumu ni maji yasiyotoa povu kwa urahisi yanapotumiwa na sabuni. Yanaitwa magumu kwa sababu yana ioni nyingi za kalsiamu (Ca²⁺) na magnesiamu (Mg²⁺). Ugumu hupimwa kwa miligramu za kalsiamu kabonati katika lita moja: 0–60 ni maji laini, 61–120 ni magumu kiasi, 121–180 ni magumu, na zaidi ya 180 ni magumu sana.

*Angalia:* Mitaani, maji ya kisima yenye ladha huitwa yote "maji ya chumvi". Kwenye mtihani usiyachanganye. Chumvi ya kawaida (NaCl) huleta ladha, lakini ioni ya sodiamu haileti ugumu.

2. Ugumu unatoka wapi?

Fuata safari ya tone la mvua. Likipita hewani na kwenye udongo wenye majani yaliyooza, huyeyusha kaboni dayoksaidi na kuwa asidi dhaifu. Asidi hiyo ikikutana na mwamba wenye kalsiamu kabonati, kama chokaa au marumaru, humeng'enya mwamba:

CaCO₃(s) + H₂O(l) + CO₂(aq) → Ca(HCO₃)₂(aq)

Milima ya Upare ni sehemu ya safu ya Tao la Mashariki. Imejengwa na miamba ya kale iliyobadilishwa na joto na mgandamizo mkubwa, na kwa sehemu kubwa miamba hiyo haiyeyuki upesi. Kijito kinachoshuka haraka kutoka msitu wa Shengena hakipati muda wa kuyeyusha mengi.

Tambarare ya Same ni habari nyingine. Mji uko upande wa kivuli cha mvua: pepo za Bahari ya Hindi huacha unyevu wake mlimani na kufika kavu. Maji yaliyozama ardhini hukaa muda mrefu yakigusana na madini, na jua kali huvukiza maji na kuacha chumvi zikirundikana. Ushahidi uko Makanya, wilayani Same, ambako huchimbwa jasi (CaSO₄·2H₂O) inayotumika kutengeneza saruji. Maji yanayopita kwenye udongo wenye jasi huyeyusha kalsiamu salfeti.

Je, maji ya bomba? Mradi wa Same–Mwanga–Korogwe huchukua maji bwawa la Nyumba ya Mungu na kuyatibu. Tiba ya kawaida huondoa tope na kuua vijidudu, lakini ioni zilizoyeyuka hupita kwenye chujio la mchanga. Kwa hiyo maji safi si lazima yawe maji laini.

3. Aina za ugumu

- *Ugumu wa muda:* husababishwa na haidrojenikabonati za kalsiamu na magnesiamu. Huondoka kwa kuchemsha.
- *Ugumu wa kudumu:* husababishwa na salfeti na kloridi za kalsiamu na magnesiamu. Hauondoki kwa kuchemsha.

Kisima kimoja kinaweza kuwa na aina zote mbili.

4. Athari nyumbani

- Sabuni ya mche hupotea. Ioni za Ca²⁺ huungana nayo na kufanya utando mweupe usioyeyuka, unaonata kwenye nguo na beseni. Povu halitokei hadi ioni hizo ziishe.
- Ukoko mweupe hujengeka ndani ya birika, hita na mabomba. Ukoko hupitisha joto vibaya, hivyo chai huchelewa kuchemka na kuni au umeme hutumika zaidi.
- Makande huchelewa kuiva. Kalsiamu hukaza kuta za seli za maharage.

*Faida:* kalsiamu hujenga mifupa na meno, na ukoko mwembamba huzuia mabomba ya risasi kuingiza sumu kwenye maji.

5. Kulainisha maji

(i) Kuchemsha, kwa ugumu wa muda tu:

Ca(HCO₃)₂(aq) → CaCO₃(s) + H₂O(l) + CO₂(g)

(ii) Kuweka sodiamu kabonati, iliyomo kwenye magadi, kwa aina zote mbili:

CaSO₄(aq) + Na₂CO₃(aq) → CaCO₃(s) + Na₂SO₄(aq)

Kalsiamu hutuama chini kama mashapo.

(iii) Kubadilishana ioni au kukeneka: huondoa aina zote, lakini ni ghali.

Anayechemsha maji ya jasi ili kuokoa sabuni anateketeza kuni bure. Kuchemsha maji ya kunywa ili kuua vijidudu ni jambo jingine, na ni la lazima pale usalama wake hauna uhakika.

6. Swali la mfano

Mwanafunzi alipima ujazo wa mmumunyo wa sabuni uliohitajika kutoa povu la kudumu katika sampuli tatu zenye ujazo sawa.

| Sampuli | Kabla ya kuchemsha (cm³) | Baada ya kuchemsha (cm³) |
|---|---|---|
| K | 2 | 2 |
| L | 14 | 2 |
| M | 16 | 9 |

Tambua aina ya maji katika kila sampuli. Je, familia inayotumia M ifanye nini kabla ya kufua?

*Jibu:* K ni maji laini, kwani sabuni kidogo ilitosha na kuchemsha hakukubadili kitu. L yana ugumu wa muda tu: yamefika 2 cm³ sawa na K. M yana aina zote mbili: 7 cm³ (16 − 9) zilitokana na ugumu wa muda, na 7 cm³ (9 − 2) na ugumu wa kudumu. Familia itumie magadi, kwa kuwa kuchemsha kutaacha nusu ya ugumu.

*Kosa la kuepuka:* Kuandika "M ni ya kudumu" kwa sababu tu namba haikushuka hadi 2. Linganisha safu zote mbili kabla ya kujibu.

Jipime

1. Ukoko wa birika hutoa viputo ukiwekewa maji ya ndimu. Taja gesi hiyo na uandike mlinganyo wa ioni.
2. Eleza kwa nini maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati ni laini.
3. Kijito cha mlimani na kisima cha tambarare viko wilaya moja. Toa sababu mbili za kutofautiana kwa ugumu wake.