Kabla hujamwachia fundi kamera

Toa memori kadi, betri na mkanda, ubaki navyo. Kisha, mbele ya mhudumu wa mapokezi, piga picha namba iliyochapwa chini ya kamera na kila mkwaruzo ulioko. Mimi sikufanya hivyo, kamera ikarudi na ufa pembeni mwa skrini, nikaambiwa "ilikuja hivyo hivyo." Ningebishana nao kwa lipi?

Waranti nyingi ni za mwaka 1, na hazigusi maji, mchanga wala kuanguka. Kamera aliyokuletea shemeji kutoka Dubai, wakala wa hapa anaweza kuikataa, maana mara nyingi waranti hufuata nchi ilikonunuliwa. Risiti ya mashine hufifia. Ipige picha siku hiyohiyo ya kununua.

Kwetu Pwani, msumbufu hasa ni fangasi ndani ya lenzi: vinyuzi kama utando wa buibui, utaviona ukimulika tochi. Hiyo haihesabiwi kasoro ya kiwandani, kwa hiyo kusafisha ni kwa mfuko wako, na ukichelewa inakula utandu wa kinga juu ya kioo. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, usivitupe. Vitie kwenye begi la kamera.