Zao, tofauti, kigawo: hesabu za Mtihani wa Maarifa



Wapendwa, katika darasa letu la Jumamosi hapa Kahama wamo wachimbaji wadogo, akina mama wauza mchele na mabinti waliokatishwa shule kwa ujauzito. Wote wanajiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, ule tuliozoea kuuita QT, unaotungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Kwa mtu ambaye hakusoma sekondari, huo ndio mlango: akifaulu, anaweza kujiandikisha kufanya mtihani wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Na somo linalowarudisha wengi nyuma ni Hisabati.

Mama mmoja wa darasa letu anajua kwa kichwa tu kwamba kilo 15 za mchele kwa shilingi 2,800 ni 42,000. Siku ya jaribio alikuta swali linalosema "Find the product of 15 and 28". Akaliacha wazi. Baadaye akatuuliza: "Frateri, hiyo 'product' si bidhaa? Sasa 15 na 28 ni bidhaa gani?"

Tulikosea sisi. Tulikuwa tumewapa orodha ya maneno ya Kiingereza wakariri, kumbe walisoma darasa la saba kwa Kiswahili na hata maneno hayo ya Kiswahili yalikuwa yameshasahaulika. Sasa tunaanza na Kiswahili, kisha tunavuka.

Maneno manne ya kwanza ni majina ya majibu. Ukijumlisha, unapata jumla. Mtihani utaiita "sum". Ukitoa, unapata tofauti, yaani "difference". Hapa angalia: ukiulizwa tofauti ya 24 na 9, usieleze kwamba moja ni kubwa na nyingine ni ndogo, toa tu, upate 15. Ukizidisha, unapata zao, ndiyo "product". Neno zao halina ugeni kwetu: shamba huzaa mpunga au pamba, na 15 ikikutana na 28 huzaa 420. Jawabu la kugawanya mtihani huliita "quotient".

Kuna kineno kidogo kinachoangusha watu kuliko hayo yote: "of". Kiswahili kinasema robo tatu ya 20, na hiyo "ya" maana yake ni zidisha. Robo tatu ya 20 ni 15. Anayetoa zaka ameshaifanya hesabu hii mara nyingi: sehemu ya kumi ya 80,000 ni 8,000. Vilevile "5 less than 12" inasomwa kinyumenyume. Ni 12 ikipunguzwa 5, jibu 7. Wanaoandika 5 − 12 ni wengi mno.

Kwenye sehemu, namba ya juu ni kiasi na ya chini ni asili. Wachimbaji wetu wanazielewa haraka kupitia karati. Dhahabu tupu ni karati 24, kwa hiyo 24 ndiyo asili. Pete ya karati 18 ni 18 ya 24. Rahisisha kwa kugawa juu na chini kwa 6, unapata 3 ya 4, sawa na asilimia 75. Kilichobaki ni madini mengine.

Sasa kigawo na kigawe, herufi moja tu inayotofautisha na alama zinapotea hapo. Tulipata njia ya kuvikumbuka kutoka katika maneno ya Kanisa. Mtume ni aliyetumwa, kiumbe ni kilichoumbwa, mteule ni aliyeteuliwa. Mwisho wa "e" unaonyesha aliyetendwa. Basi kigawe ni kile kinachogawiwa: 12 ni kigawe cha 3. Na 3, inayoigawa 12 bila baki, ni kigawo chake. Mtihani utasema 12 ni "multiple" na 3 ni "factor". KDS ni kigawe kidogo cha shirika, na KKS ni kigawo kikubwa cha shirika. Kwa 12 na 18, KDS ni 36 na KKS ni 6. (Wengi hushangaa kwamba kinachoitwa kidogo ndicho chenye namba kubwa. Ni sawa kabisa.)

Lipo pia MAGAZIJUTO la shule ya msingi: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Linasaidia, ila lina mtego. Katika 12 − 5 + 3, anayelifuata kwa herufi hujumlisha kwanza 5 na 3, akapata 4. Jibu ni 10. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, na unaanza na kinachotangulia kushoto. Kugawanya na kuzidisha ni hivyohivyo.

Kwa mafrateri mtakaopangiwa kufundisha: msiwakataze wanafunzi kusema hesabu kwa Kiswahili. Waseme kwanza kwa Kiswahili, ndipo waandike.

Mazoezi ya wiki hii. La kwanza: mchimbaji ameuza gramu 4 na pointi 6 za dhahabu, yaani gramu 4.6, kwa bei ya mfano ya shilingi 200,000 kwa gramu. Sheria ya mwaka 2017 iliweka mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Kwa viwango hivyo, amebaki na shilingi ngapi? La pili: tafuta "product" na "difference" ya 36 na 9. La tatu: andika vigawo vyote vya 20, kisha vigawe vyake vitatu vya kwanza.

Jibu la kwanza ni 855,600. Mengine tutasahihisha pamoja Jumamosi. Njooni na madaftari.