Daraja la Sarafu: Tuanze na Ipi?

Bila shaka umewahi kuingia supamaketi ukiwa na mkoba mkubwa. Mlangoni bawabu anakuzuia. Unamwachia mkoba, anakupa kipande chenye nambari, nawe unaingia kununua sabuni yako. Ukitoka unarudisha kipande, unapewa mkoba wako. Basi ukilielewa jambo hilo, umeshaelewa nusu ya somo letu la leo.

Siku hizi kuna sarafu za kidijitali kama vile Bitcoin, iliyoanza mwaka wa 2009, na ether, ambayo ni sarafu ya mtandao wa Ethereum ulioanza mwaka wa 2015. Kila mtandao una daftari lake la hesabu liitwalo blokucheni, na nakala zake zimo katika kompyuta nyingi duniani. Shida ni kwamba madaftari haya hayasomani. Ndipo mafundi wakabuni daraja. Sarafu halisi hufungiwa upande mmoja, na upande wa pili hutolewa kipande cha thamani ile ile. Kipande kikirudishwa, hufutwa na sarafu ikafunguliwa.

Sasa swali: fundi anayejenga daraja achague sarafu ipi ya kupitisha kwanza? Wengi hujibu upesi, "Si ile inayopanda bei!" La hasha! Bawabu haulizi mkoba upi ni maridadi. Huuliza kama ataweza kuurudisha. Kwa hivyo, kabla ya kuchagua, fundi na ajiulize maswali manne.

Kwanza, je, mkoba umewekwa kweli? Daftari dhaifu huweza kuandikwa upya. Ethereum Classic ilishambuliwa Januari 2019, ikashambuliwa tena Agosti 2020. Washambulizi walipata zaidi ya nusu ya nguvu za kompyuta zinazolilinda daftari hilo, wakabadilisha kurasa zilizokwisha kuandikwa. Hebu fikiria mtu akuachie mkoba, achukue kipande, kisha mkoba umrudie mkononi kimazingaombwe. Wewe umebaki na rafu tupu! Hata kwa madaftari yenye nguvu, subira ni muhimu. Kwa Bitcoin, wengi husubiri bloku sita, yaani kama saa nzima. Kwa Ethereum, ni kama robo saa.

Pili, nani anashika ufunguo? Ethereum huruhusu programu iandikwe ndani ya daftari lenyewe, nayo ikafunga na kufungua sarafu kwa masharti. Bitcoin ina lugha finyu ya programu, kwa hivyo mara nyingi inabidi kampuni au kikundi cha watu kishike funguo. WBTC, kipande cha Bitcoin kilichoanza kutumika ndani ya Ethereum mwaka wa 2019, kiliitegemea kampuni ya BitGo kuzitunza bitcoin zenyewe. Si vibaya, ila inabidi umwamini mtunzaji.

Tatu, ndani ya mkoba mna nini? Mei 2022, sarafu ya UST ya mtandao wa Terra, iliyosemekana kuwa sawa na dola moja, iliporomoka kwa siku chache tu. Iliegemea hasa sarafu mwenzake iitwayo LUNA, nayo ikaanguka papo hapo. Aliyeshika kipande chake, kumbe alikuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia! USDC ina akiba ya dola halisi, lakini hata hiyo iliyumba Machi 2023 ilipoanguka Silicon Valley Bank, ambamo dola bilioni 3.3 za akiba yake zilikuwa zimewekwa. Ilisimama tena baada ya siku chache.

Nne, nani anaweza kuizuia? Kampuni ya Circle, inayotoa USDC, inaweza kufunga anwani yoyote. Ikifunga anwani ya daraja lako, vipande vyote vya upande wa pili vitakuwa karatasi tupu.

Tukipima hayo yote, mimi ningeanza na ether ikiwa daraja linatoka Ethereum. Daftari lake lina nguvu, programu yenyewe inaweza kuifungia, na hakuna kampuni ya kuigandisha. Baadaye ningeongeza USDC, kwa kiwango maalum kwa siku. Bitcoin ingefuata nikishapata watunzaji wa kuaminika. Sarafu ndogondogo zenye kelele nyingi zingesubiri sana. Mshika mbili moja humponyoka, sembuse anayeshika ishirini?

Lakini tusijidanganye. Sarafu nzuri haiponyi daraja bovu. Machi 2022, wadukuzi walipata funguo tano kati ya tisa za daraja la Ronin, wakabeba ether 173,600 na USDC milioni 25.5. Tena wenye daraja waligundua baada ya siku sita! Mwezi uliotangulia, mdukuzi aliihadaa programu ya daraja la Wormhole, akajitengenezea vipande 120,000 vya ether katika mtandao wa Solana, bila ether yenyewe kufungiwa upande wa pili. Wa kwanza waliiba ufunguo wa rafu. Wa pili alighushi kipande. Mikoba yenyewe haikuwa na kosa lolote.

Kwa hivyo, ndugu zangu, mtu akikuambia daraja lake linapitisha sarafu mia, usishangilie kwanza. Muulize nani ana ufunguo. Fedha zilizofungiwa humo ni jasho la watu.

Zoezi
1. Eleza tofauti kati ya sarafu halisi na kipande chake.
2. Kwa nini daraja linafaa kusubiri kabla ya kutoa kipande?
3. Je, unakubali kwamba Bitcoin isubiri? Toa sababu zako.