Tunajua Kuosha Maiti. Je, Tunajua Kuzuia Damu?



Ndugu wanafunzi, kwetu ni Mafubira, kando ya mji wa Jinja. Likizo iliyopita, baada ya swala ya Isha, dereva wa boda boda aligongwa na gari karibu na msikiti wetu. Tulitoka wote. Mmoja alimmwagia maji usoni, mwingine akamkalisha, mimi nikahangaika na simu. Damu ilimtoka pajani kwa wingi, na hakuna aliyeibana. Alifika hospitali ameshafariki. Asubuhi walijitokeza wazee sita kumwosha, na kila mmoja alijua la kufanya.

Hapo nilipata somo. Kuosha maiti ni faradhi ya kifaya: wakitekeleza baadhi, jukumu huwaondokea wengine, wakiacha wote, wote wana dhambi. Imamu Ghazali aliihesabu elimu ya tiba katika fungu hilohilo. Basi kijiji kilicho mbali na daktari, kisicho na hata mtu mmoja anayejua kumhudumia majeruhi kabla ya hospitali, kina deni.

Deni hilo linalipika. Mwaka 2016, mjini Iganga, kwenye njia yetu hii ya Jinja kwenda Mbale, madereva 154 wa boda boda walifundishwa huduma ya kwanza kwa ushirikiano na Chama cha Msalaba Mwekundu cha Uganda. Hao ndio hufika kwanza penye ajali, na chombo cha kubebea wanacho.

Tuanze na haya:

1. Hakikisha kwanza barabara ni salama, usije ukagongwa nawe.
2. Damu ikitoka kwa wingi, bana jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi, wala usiachie kuchungulia. Mtu huweza kufa kwa kuvuja damu ndani ya dakika chache.
3. Aliyezimia lakini anapumua, mlaze ubavu ili asipaliwe na matapishi. Usimnyweshe kitu.
4. Anayelalamika shingo au mgongo asikalishwe wala kuvutwavutwa.

Naomba jumuiya yetu itenge Jumamosi moja kila muhula, tumwite mkufunzi, tujizoeze kwa mikono. Kisha kila mmoja akirudi kwao akawafundishe vijana wa msikitini na wa stendi ya boda boda.

Allah amrehemu ndugu yule, na atusamehe tuliosimama tukitazama. Amin.

Wabillahi tawfiq.