Usiyaache Maneno Yako kwenye Mashine ya Bosi

Mdogo wangu unayechapa barua saiba ya Busia, upande wa Kenya, na wikendi unamsaidia shangazi ofisini kwake Tororo, swali lako nimelipata. Unashangaa mbona mashine ya Busia inaijua Funyula, na ya Tororo inaipigia mstari mwekundu, ilhali zote zina Word ileile. Si wewe peke yako, kwa hiyo wengine sogeeni.

Word haina habari na majina ya mahali petu kama Osukuru, Nagongera, Lumino au Nambale. Ukiiambia iliongeze neno kwenye kamusi, neno haliingii ndani ya programu. Linaandikwa kwenye kijifaili kiitwacho CUSTOM.DIC, ndani ya folda ya mtumiaji wa mashine hiyo. Katika Windows, fungua dirisha la mafaili, andika %appdata% pale juu kwenye anwani, ingia Microsoft, halafu UProof. Kifungue kwa Notepad ujionee: kila neno na mstari wake, kama orodha ya kwenda sokoni. Jasho lako lote liko pale.

Shida ni kwamba akaunti ile ni ya bosi. Akiisafisha mashine au akinunua nyingine, maneno yako yamekwenda. Tena kuna saiba ambazo kompyuta zake, zikizimwa tu, hurudi zilivyokuwa mwanzo. Huko utaifundisha Funyula leo, na kesho ikuulize upya.

Basi fungua folda yenye jina lako. Nakili humo CUSTOM.DIC, lakini nakala ibadilishe jina, tuseme maneno-yangu.dic, isije ikagongana na ya wenyewe. Nakala moja iwe kwenye fleshi, nyingine jitumie kwa barua pepe, kwa sababu fleshi hupotea, na mpakani hupotea zaidi. Ukifika kwa shangazi, ingia Options za Word, sehemu ya Proofing, bonyeza Custom Dictionaries, kisha Add, uichague faili yako. Mistari myekundu itatoweka bila kuandika neno moja upya.

Mitindo ya barua je? Hapa nitakuwa mkali kidogo. Najua kuna wanaobeba Normal.dotm nzima, faili ambayo Word huanzia kila karatasi mpya. Msifanye hivyo. Faili hiyo inaweza kubeba makro, na virusi hupenda kujificha humo; kirusi Melissa, kilichotikisa dunia mwaka 1999, kilijipachika kwenye Normal ya enzi hizo. Fleshi inayozunguka saiba za pande mbili za mpaka haihitaji mzigo huo. Hifadhi kiolezo chako kama .dotx, aina isiyoweza kubeba makro. Na kabla ya kukihifadhi, futa jina la mteja na namba yake ya kitambulisho, uache nafasi tupu. Mambo ya mteja hayavuki mpaka mfukoni mwako.

Ninyi wa uhandisi wa kompyuta pale Busitema mnaoandika kwa kihariri cha Vim kwenye Linux, msiguse faili ya mipangilio ya mashine nzima. Wekeni yenu ndani ya folda ya .vim, kwa jina vimrc, mbebe folda hiyo moja. Na kwa kuwa mko Uganda, mjue hili: Bram Moolenaar, aliyeitoa Vim mwaka 1991, alikuja kujitolea Kibaale, kusini mwa nchi, mwaka 1994. Kwa miaka mingi Vim imekuwa ikiwaomba watumiaji wake duniani kote wawasaidie watoto wa Uganda. Alifariki mwaka 2023.

Wewe wa Busia, mwombe bosi ruhusa kwanza, maana mashine ni yake. Kisha nakili hiyo kamusi leo, kabla hajafunga duka.