Kofia ya Bodaboda: Je, Mtu Mzima Alazimishwe Kuivaa?

Katika steji za bodaboda mjini Kitengela, kuanzia Noonkopir hadi kando ya barabara ya Namanga, ni kawaida kuona mhudumu amevaa kofia ngumu, abiria wake yuko kichwa wazi, na kofia ya pili inaning'inia kwenye usukani. Wote wawili ni watu wazima. Kwa nini basi serikali iwachagulie cha kuvaa?

Kisheria, suala hili lilishaamuliwa. Kifungu cha 103B cha Sheria ya Trafiki (Sura ya 403), kilichoongezwa mwaka wa 2012, kinamtaka kila anayeendesha au kubebwa kwa pikipiki avae kofia ya kujikinga na jaketi la kuakisi mwanga. Mtu mzima hakuachiwa hiari. Mhudumu naye anapaswa kuwa na kofia mbili, yake na ya abiria, na kubeba abiria mmoja tu.

Hata hivyo, hoja ya wanaopinga si ya kupuuzwa. Dereva mlevi huhatarisha wengine; asiyevaa kofia, wanasema, hujihatarisha mwenyewe. Lakini fuata safari ya aliyeumia kichwa. Anafikishwa hospitali ya kaunti, inayogharamiwa na walipa ushuru wote. Akizidiwa hupewa rufaa hadi Nairobi, na jamaa huanza kuchangisha pesa za bili. Kuna wanaouza ng'ombe, na karo ya watoto husubiri. Uamuzi ulikuwa wa mtu mmoja; gharama ni ya ukoo mzima.

Manufaa ya kofia yamepimwa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na shirika la Cochrane mwaka wa 2008 yalionyesha kwamba hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Jimbo la Florida, Marekani, lilijaribu njia ya hiari: tangu Julai 2000, mwenye zaidi ya miaka 21 na bima ya matibabu ya angalau dola 10,000 anaruhusiwa kuendesha bila kofia. Vifo vya waendesha pikipiki viliongezeka. Isitoshe, polisi hawezi kukisia umri wala bima ya mtu anayepita kwa kasi.

Kitengela, kikwazo kikubwa huwa si falsafa ya uhuru. Ni jasho. Kofia moja huvaliwa na abiria wengi kwa siku, na aliyetoka saluni kusuka nywele hataki kuigusa. Malalamiko hayo ni ya haki, na sheria pekee haiyatatui. Mhudumu anaweza kuanika kofia juani na kupangusa ndani kila jioni; abiria anaweza kutanguliza kitambaa safi au kofia nyepesi ya nailoni. Anayepanda boda kila siku kwenda kazini afadhali anunue yake.

Unaponunua, tafuta alama ya ubora ya KEBS. Kofia ya mjengo haifai, kwani haikuundwa kwa ajili ya ajali za barabarani. Funga mkanda chini ya kidevu, la sivyo kofia hutangulia kuruka kabla ya kichwa kugonga lami. Kofia iliyopata ajali ibadilishwe hata kama haina ufa, kwa sababu povu la ndani likishabonyea halirudi.