Kurusha tiara kubwa Mbeya: pa kusimama na pa kuepuka

Kuanzia Juni hadi Septemba, upepo wa mashariki unapenya kwenye uwazi wa Uyole na kutumwagia vumbi sokoni Mwanjelwa mchana kutwa. Wauza mitumba wanaulaani kwa sababu unawaangushia nguo walizotundika. Sisi warusha tiara tunausubiri mwaka mzima.

Tiara ninazozungumzia hapa si zile za gazeti na vijiti vya fagio. Ni za kitambaa, upana mita 2 au zaidi, zenye nguvu ya kumburuta mtoto. Kitambaa kinapatikana hapahapa sokoni: makoti ya mvua, mahema ya mitumba, hata miavuli iliyovunjika mbavu. Fundi cherehani akishaona mchoro mmoja, wa pili anashona bila kuuliza. Fito ni za mianzi iliyokauka vizuri, na mianzi ya Iringa, kule wanakogema ulanzi, huwa minyoofu. Kutengeneza si kazi. Kazi ni kujua ukasimame wapi.

Tuanze na ndege. Uwanja wa zamani wa Mbeya, uliopo jirani kabisa na Mwanjelwa, uliacha kupokea ndege za abiria Desemba 2012, ule wa Songwe ulipofunguliwa zaidi ya kilomita 20 kutoka hapa, njia ya Tunduma. Anga ya mjini imepumua, lakini ardhi ile bado ina mwenyewe. Usiingie na tiara kwa sababu tu umeona watu wanakatiza.

Songwe ndiko penye hatari ya kweli. Njia ya kurukia imelala takriban mashariki kwa magharibi, na ndege hutua na kupaa ikiukabili upepo. Kwa hiyo upepo unaokupandishia tiara Mbalizi, upande wa mashariki wa uwanja, ndio huohuo unaomfanya rubani aondoke akielekea Mbalizi. Muda mnaofurahia ninyi, yeye naye yuko juu yenu.

Fanya hesabu kidogo. Ndege inayotua hushuka kwa pembe ya digrii 3 hivi, yaani mita 50 kwa kila kilomita. Ikibakiza kilomita 2 kugusa lami, iko kama mita 100 kutoka ardhini. Wewe ukiachia uzi wa mita 150 na tiara ikasimama kwa digrii 60, imefika mita 130. Umempita. Na rubani hauoni uzi; hata tiara yenyewe ataiona akiwa ameshaifikia.

Wenzetu wamejiwekea mipaka. Uingereza mtu wa kawaida haruhusiwi kupitisha tiara mita 60 kutoka ardhini, na karibu na uwanja wa ndege mwisho ni mita 30. Marekani, tiara yenye uzito unaozidi kilo 2.3 hairushwi ndani ya kilomita 8 kutoka mpaka wa kiwanja, na kwingineko haipiti mita 150. Mimi nimejiwekea sheria kali zaidi, na kila ninayemfundisha anaifuata: hatufungui begi ndani ya kilomita 10 za Songwe, wala za uwanja wa Nduli kwa wale wa Iringa, na uzi wetu ni mita 60 tu. Nimeufunga kitambaa chekundu kwenye mita ya 50, ili mkono ujue kabla ya jicho. Anayetaka zaidi ya hapo aende ofisi ya mamlaka ya viwanja vya ndege au ya usafiri wa anga, aulize, apewe jibu kwa maandishi.

Msimu wa kampeni ni habari nyingine. Helikopta za wanasiasa hutua kwenye viwanja vya shule, yaani uwanja wa ndege unakufuata ulipo. Ukisikia mngurumo tu, shusha. Usingoje kuiona.

Kuhusu ruhusa, viwanja vingi vizuri vya Mbeya ni vya shule, na mwalimu mkuu hakatai akiombwa mapema, hasa ukiahidi kuwafundisha watoto wake. Baada ya hapo pita kwa mwenyekiti wa mtaa. Mmoja aliniuliza, "Kijana, isije ikawa droni hiyo?" Nikamwambia, "Hapana mzee, haina kamera wala betri, ni kitambaa na uzi," nikaikunjua mezani kwake akaishika. Swali lake lilikuwa la haki kabisa, maana droni ina vibali vyake vinavyopitia hadi wizara ya ulinzi. Kwa hiyo nenda na tiara yenyewe mkononi. Maneno matupu hayamtoshi mtu mwenye dhamana ya mtaa.

Ukishapata kiwanja, simama katikati, upe upepo kisogo, kisha tazama mbele yako. Huko ndiko tiara itakakoanguka uzi ukikatika. Nataka nafasi tupu mara mbili ya urefu wa uzi, isiyo na barabara, nyaya, wala mifugo iliyofungwa. Kama kuna nguzo za TANESCO upande huo, nahama, hata kama ruhusa ninayo. Uzi uliolowa umande unapitisha umeme, na tiara ikinasa kwenye waya haipandiwi. Unaiacha pale na kupiga simu.

Barabara nazo zinanitia hofu kuliko watu wanavyodhani. Uzi wa nailoni uliolegea ukivuka njia, unakaa usawa wa shingo ya bodaboda. India watu wamekufa hivyo, na mwaka 2017 mahakama yao ya mazingira ikapiga marufuku uzi wa nailoni na ule wa kupakwa unga wa vioo. Tumia uzi mnene wa pamba, vaa glavu, na asikudanganye mtu kwamba mshipi wa kuvulia samaki ni bora kwa sababu ni rahisi.

Kuna wanaoniuliza kuhusu wale wa Paje, Zanzibar, wanaoteleza majini wakivutwa na tiara. Kanuni ni zilezile. Paje ipo pwani ya mashariki, mbali na uwanja wa ndege, na kusi wala kaskazi havikupeleki baharini, vinakurudisha ufukweni. Ukienda kujaribu upande wa magharibi, Mbweni au Chukwani, uko jirani na uwanja wa ndege, na upepo unatoka nchi kavu kukusukuma kilindini. Hata Paje penyewe, maji yakipwa utawakuta kina mama kwenye mashamba yao ya mwani, na vijiti vyao vimesimama mchangani. Hapo ni shambani kwa mtu. Zunguka.

Utakaporudi huku juu, kumbuka Mbeya ipo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi. Tiara iliyokubeba pwani itakuvuta kidogo hapa kwa upepo uleule. Ongeza kitambaa, usiongeze uzi.

Kushusha kunahitaji watu wawili. Mmoja anashika kishikio, mwingine anatembea kuelekea tiara akiukandamiza uzi chini ya kwapa, hatua kwa hatua, mpaka aikamate kwa mkono. Zungushia uzi wote kwenye kijiti, na vipande vilivyokatika viokote, kwa sababu kesho watoto watacheza mpira palepale na ng'ombe watalishwa pembeni.